Maswali ya Wasomaji: Homa ya Ini B, Vipimo Vyake na Hatari ya Kuambukizwa Hospitalini

Barua tulizoletewa kutoka Unguja na Pemba kuhusu homa ya ini B zina khofu inayofanana. Wengi wa waandishi wake wanaamini kuwa hatari iko kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, au kwa yule ambaye jina lake limeandikwa katika daftari la maabara. Mimi naiona hatari hiyo mahali pengine: katika damu iliyobaki kwenye sindano, kwenye wembe na kwenye kifaa cha kuchomea kidole, na hasa katika damu ya mtu ambaye hajapimwa na ambaye kwa hiyo hakuna anayemdhania. Barua nne zifuatazo nimezichagua kwa sababu kila moja inagusa upande wake wa jambo hili.

Swali: Assalaamu alaykum. Mimi ni mfanyakazi wa usafi katika hospitali moja huku Pemba. Wiki iliyopita nilikuwa nabeba mfuko wa taka kutoka wodini, na sindano iliyotupwa humo pamoja na pamba na bandeji ilinichoma pajani. Damu ilitoka kidogo. Mwenzangu alinambia niikamue na nimimine dawa ya klorini, nami nikafanya hivyo. Siku ya tatu nilikwenda kupima homa ya ini B, nikaambiwa sina. Sijawahi kuchanjwa. Je, niseme nimesalimika? Na kwa kuwa sijui sindano ile ilitumika kwa nani, kuna haja gani ya kuripoti?

Jibu: Waalaykumu salaam, na pole sana ndugu yangu. Barua yako haikuweza kungoja kuchapishwa, ndiyo maana tulikupelekea jibu fupi siku ile ile ilipotufikia. Hapa naeleza kwa urefu, kwa sababu wapo wengi wanaobeba mifuko kama uliokuwa mkononi mwako.

Kipimo ulichofanyiwa siku ya tatu hakikudanganya, lakini kimejibu swali jengine, si hilo uliloliuliza. Kipimo cha HBsAg hutafuta katika damu protini ya gamba la nje la virusi. Virusi vinapoingia mwilini huhitaji muda wa kuzaliana ndani ya ini kabla ya protini hiyo kuwa nyingi kiasi cha kuonekana maabara. Kwa kawaida huanza kuonekana baada ya wiki nne hivi, ingawa kwa baadhi ya watu huonekana mapema zaidi na kwa wengine huchelewa hadi wiki ya tisa au ya kumi. Kwa hiyo majibu ya siku ya tatu yanaeleza ulivyokuwa kabla ya kuchomwa, yaani kwamba hukuwa na maradhi haya. Taarifa hiyo ina thamani kubwa, kwani ndiyo msingi wa kulinganishia vipimo vitakavyofuata, na ndiyo itakayokutetea iwapo utahitaji kuthibitisha kuwa uliumia kazini. Karatasi hiyo itunze vizuri, lakini ujue kwamba haisemi lolote kuhusu sindano ile.

Lililohitajika haraka zaidi ni chanjo. Chanjo ya homa ya ini B huweza kumkinga hata mtu ambaye virusi vimeshamwingia, maadamu imetolewa mapema, kwa sababu maradhi haya huchukua muda mrefu kujijenga: kati ya siku 30 na siku 180 hupita kabla ya dalili kutokea, kama zitatokea. Dozi ya kwanza hupendekezwa itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuchomwa, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita. Ipo pia sindano ya kingamwili zilizokwisha tengenezwa, ambayo hutolewa pamoja na chanjo kwa mtu asiyekuwa na kinga kabisa, na faida yake hupungua sana baada ya siku 7 kupita. Hiyo ni ghali na si rahisi kuipata kila mahali. Asiyeipata asiache chanjo kwa sababu hiyo. Wewe pia, ingawa saa 24 zimekupita, anza chanjo sasa hivi, kwani hata kama haitaiwahi sindano ya wiki iliyopita, itakulinda na ile ya mwaka ujao.

Kuhusu klorini na kukamua, nakuomba usiyarejee tena na uwaeleze wenzako. Jeraha la sindano huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni, basi. Kulikamua hakuvitoi virusi, bali huzidi kuichubua nyama, na klorini huiunguza ngozi na kuacha mlango mpana zaidi. Klorini mahali pake ni sakafuni na mezani. Ile ya kawaida ya nguvu ya asilimia 3.5, ikichanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, hupata nguvu ya asilimia 0.5, ambayo ndiyo ya kusafishia damu iliyomwagika. Na damu hiyo isafishwe hata kama imekauka, kwa sababu virusi vya homa ya ini B huweza kubaki na uwezo wa kuambukiza nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Sindano iliyolala ndani ya mfuko tangu Ijumaa haiwi salama kwa kuwa leo ni Jumatatu.

Watu wengi wakichomwa na sindano, fikra zao huenda kwenye Ukimwi peke yake. Ukimwi lazima ufikiriwe, na dawa za kuuzuia huanzwa mapema iwezekanavyo, bila kupita saa 72, zikatumiwa kwa siku 28. Lakini angalia hesabu yenyewe. Katika watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya Ukimwi, wanaoambukizwa ni kama 3. Ikiwa damu ile ni ya mtu mwenye homa ya ini B na aliyechomwa hana kinga, wanaoambukizwa ni kati ya 60 na 300 katika hao hao 1,000, kwa kutegemea wingi wa virusi katika damu. Haya nayaandika si kwa kukuongezea khofu. Nataka kila mfanyakazi wa hospitali, kuanzia daktari wa upasuaji hadi anayefua mashuka, ajue kuwa hatari hii kubwa zaidi ndiyo hiyo hiyo yenye chanjo.

Jambo jengine halisemwi vya kutosha. Dawa za kuzuia Ukimwi zinazotolewa baada ya kuchomwa mara nyingi huwa na tenofovir na lamivudini, na dawa hizo mbili huvizuia pia virusi vya homa ya ini B. Mtu ambaye tayari ana homa ya ini B bila ya kujijua akizitumia kwa siku 28 kisha akaziacha ghafla, virusi vilivyokuwa vimetulizwa huweza kuamka kwa nguvu na kulidhuru ini. Ndiyo sababu HBsAg inatakiwa ipimwe mwanzoni kabisa, na anayekutwa nayo aendelee kuangaliwa na daktari pale dozi inapomalizika.

Sasa kuripoti. Kutojua sindano ilitumika kwa nani ni sababu ya kuripoti, wala si sababu ya kunyamaza. Mgonjwa akijulikana huweza kuombwa ridhaa yake akapimwa, na majibu yake yakaongoza matibabu yako. Asipojulikana, sindano huhesabiwa kuwa ni ya hatari na matibabu hufuata hesabu hiyo. Isitoshe, bila ya ripoti hakuna atakayeuliza vipi sindano ilifika kwenye mfuko wa pamba. Aliyeitumia ndiye anayewajibika kuitupa, pale pale alipoitumia, ndani ya sanduku gumu lisilotoboka, bila ya kuirejeshea kifuniko kwa mikono miwili, na sanduku hilo halijazwi zaidi ya robo tatu. Kosa lililokuchoma wewe halikuwa lako. Naliandika hili waziwazi kwa sababu nimeona mara nyingi mfanyakazi wa usafi akiambiwa kuwa "hakuwa mwangalifu", ilhali aliyekosa uangalifu alikuwa amekwisha ondoka zamu.

Baada ya miezi sita tangu siku ya kuchomwa, pimwa tena HBsAg pamoja na kingamwili za anti-HBc. Anti-HBc ni alama kuwa virusi vimewahi kupita mwilini, na chanjo peke yake haiileti, kwa hiyo haitakuchanganya. Tena, mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya tatu, uombe kipimo cha anti-HBs, ambacho huonesha kama chanjo imekujengea kinga. Kiwango cha miliuniti 10 kwa mililita au zaidi ndicho kinachohesabiwa kuwa ni kinga. Hadi vipimo vya miezi sita vitakapotoka, usichangie damu, na umlinde mwenza wako kwa mipira.

Wenzako waliozaliwa kabla ya mwaka 2002 waambie pia kuwa wasijidhanie wamechanjwa utotoni. Mwaka huo ndipo chanjo ya homa ya ini B ilipoingizwa katika chanjo za kawaida za watoto nchini Tanzania. Mtu mzima wa miaka 30 au 40 anayefanya kazi wodini, kama hakuchanjwa ukubwani, basi huenda hana kinga yoyote isipokuwa glavu alizovaa.

Swali: Nina ujauzito wa miezi sita na naishi Unguja. Kliniki nilipimwa nikakutwa na homa ya ini B. Tangu siku hiyo faili langu limebandikwa karatasi nyekundu, na muuguzi mmoja alinambia mbele ya wanawake wenzangu kuwa nitazalia kitanda cha pembeni nisije nikawaambukiza wengine. Nyumbani mavyaa wangu amenitengea sahani na kikombe. Mume wangu hasemi kitu. Nauliza, mtoto wangu atazaliwa nayo? Naweza kumnyonyesha? Na kweli mimi ni hatari kwa wenzangu hospitalini?

Jibu: Mwanangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lililokuumiza zaidi. Wewe si hatari kwa wanawake utakaolala nao wodi moja. Homa ya ini B haiambukizwi kwa hewa, kwa kikohozi, kwa choo, kwa shuka safi, kwa kushikana mikono wala kwa kula pamoja. Huambukizwa kwa damu, kwa njia ya kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Kitanda cha kuzalia husafishwa baada ya kila mzazi, na mkunga huvaa glavu kwa kila mzazi, kwani kanuni inayofuatwa hospitalini ni kuihesabu damu ya kila mtu kuwa huenda ina maambukizi. Chumba cha kuzalia ambacho kinakuwa mwangalifu kwa mwenye karatasi nyekundu tu kinawaweka hatarini wote waliobaki, wakiwemo wale ambao hawakupimwa na wale waliopimwa mapema mno. Karatasi ile inatoa siri yako na haimlindi mtu yeyote. Una haki ya kumwomba msimamizi wa wodi aiondoe, na taarifa zako ziandikwe ndani ya faili zinakostahiki. Kama huna nguvu ya kuliomba hilo peke yako, nenda na mtu unayemwamini.

Kuhusu mtoto, wakati wa kulishughulikia ni sasa, kabla ya uchungu kuanza. Bila ya kinga yoyote, mama ambaye virusi vyake ni vingi, na hasa mwenye kipimo cha HBeAg kilicho chanya, yaani alama kuwa virusi vinazaliana kwa wingi, humwambukiza mtoto katika uzazi 70 hadi 90 kwa kila 100. Mama ambaye HBeAg yake ni hasi humwambukiza katika uzazi 10 hadi 40. Na mtoto anayeambukizwa akiwa mchanga hubaki na maradhi haya maisha yake yote mara tisa katika kumi, ndipo baada ya miaka mingi ini likaanza kusinyaa au kupata saratani. Kinga iliyopo ni kubwa kuliko hatari hiyo. La kwanza ni chanjo ya homa ya ini B anayopewa mtoto ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, kisha zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ambazo watoto wote wa nchi hii huchanjwa kwa pamoja na nyengine. Chanjo ya wiki ya sita imechelewa kwa mtoto wako, kwa kuwa virusi vinamfikia siku anayozaliwa. Kwa hiyo uliza kliniki leo hii dozi ya kuzaliwa itapatikana wapi, nani ataiweka tayari, na itakuwaje iwapo utazaa usiku au siku ya mapumziko. Pale inapowezekana, mtoto huongezewa na ile sindano ya kingamwili niliyoitaja katika jibu lililotangulia.

La pili ni dawa kwako mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama mjamzito mwenye virusi vingi atumie tenofovir kuanzia muhula wa pili wa ujauzito hadi angalau anapojifungua, na katika muongozo wake wa mwaka 2024 limeruhusu dawa hiyo apewe kila mjamzito mwenye HBsAg mahali ambapo kipimo cha wingi wa virusi au cha HBeAg hakipatikani. Wewe una miezi sita, kwa hiyo muda bado unao, lakini si mwingi. Muulize daktari swali hili kwa maneno hayo hayo.

Mnyonyeshe mwanao bila ya wasiwasi. Maziwa ya mama hayaambukizi homa ya ini B, na mtoto aliyepata chanjo hazuiliwi kunyonya. Ukipata vidonda vya chuchu vinavyotoa damu, nenda vikatibiwe. Mtoto apimwe HBsAg na anti-HBs atakapofikisha miezi tisa hadi kumi na miwili, si kabla, ili majibu yawe ya kutegemewa.

Mavyaa wako naomba asomewe aya hii. Mama, sahani uliyoitenga haina kazi, na unaweza kula sinia moja na mkweo kama mlivyokuwa mkila. Vinavyofaa kutengwa katika nyumba ni wembe, mswaki, kikatio cha kucha na sindano, na hivyo vitengwe kwa kila mtu, mwenye maradhi na asiyekuwa nayo. Kisha wewe mwenyewe, mwanao na wajukuu wote mkapimwe, na wasiokuwa nayo wachanjwe. Huenda mkweo ameipata utotoni, huenda ameipata ndani ya ndoa; kipimo kilichofanywa kliniki hakioneshi ni lini wala ni kwa nani, na wala hakimpi mtu haki ya kumshuku mwenziwe. Mume anayenyamaza nyumbani anaweza kulivunja neno hili kwa kitendo kimoja tu, nacho ni kuongozana na mkewe kwenda kupima.

Swali: Baba yetu ana kisukari cha muda mrefu, na sasa daktari amesema figo zake zimechoka na ataanza kusafishwa damu kwa mashine. Ametakiwa apimwe homa ya ini B kwanza. Sisi watoto tunaogopa kuwa hata akiwa hana, ataipata kwenye mashine hiyo inayotumiwa na watu wengi. Tuangalie nini, na tuulize vipi bila ya kuwavunjia heshima wauguzi?

Jibu: Khofu yenu ina msingi, kwani vituo vya kusafishia damu vimewahi kuwa mahali pa maambukizi ya homa ya ini B katika nchi nyingi, zikiwemo zilizoendelea, mpaka pale utaratibu ulipobadilishwa. Utaratibu huo ndio sababu ya kipimo alichotakiwa baba. Kila mgonjwa hupimwa HBsAg kabla ya kuanza na kisha hurejewa kwa vipindi, na aliyekutwa nayo hutengewa mashine yake, na chumba chake inapowezekana. Katika jibu lililopita nimesema kuwa mama mzazi hahitaji kutengwa, na msomaji makini ataona kama najipinga. Tofauti ni kuwa hapa damu yenyewe hutoka mwilini, ikapita katika mipira na kurudi, mara kadhaa kwa wiki, kwa miaka, na virusi hivi hukaa juu ya vifaa muda mrefu. Kinachotengwa ni mashine kwa ajili ya njia ya damu. Mgonjwa mwenyewe haaibishwi.

La muhimu zaidi kwa baba ni chanjo, tena aanze sasa kabla figo hazijadhoofika kabisa, kwa sababu mwili wa mgonjwa wa figo huitikia chanjo kwa uvivu. Kwa walioanza kusafishwa damu, dozi huwa maradufu ya ile ya mtu mzima wa kawaida, na anti-HBs hupimwa kila mwaka, ikishuka chini ya 10 huongezewa dozi. Muulizeni daktari wa figo kuhusu dozi hiyo, kwa sababu dozi ya kawaida huenda isimtoshe.

Kwa kuwa ana kisukari, kipo kifaa kidogo ambacho watu hawakidhanii: kile cha kuchomea kidole ili kupima sukari. Imethibitika mara kadhaa, hasa katika nyumba za kutunzia wazee huko Marekani, kwamba kifaa cha aina ya kalamu kilipopitishwa kwa mgonjwa baada ya mgonjwa, hata kama ncha ilibadilishwa, kilieneza homa ya ini B. Damu isiyoonekana hubaki kwenye mdomo wa kalamu. Baba awe na yake peke yake, nyumbani na wodini, na isiazimwe hata kwa ndugu mwenye kisukari. Kalamu ya insulini nayo ina hukumu hiyo hiyo.

Wodini angalieni mambo machache. Bomba la sindano na sindano yake vitolewe katika pakiti mbele yenu. Ikiwa dawa inatoka katika chupa inayotumiwa kwa wagonjwa wengi, sindano inayoingia humo iwe mpya kila mara, kwani chupa moja ikichafuliwa humfikia kila atakayechomwa kutoka humo. Glavu zibadilishwe kati ya mgonjwa na mgonjwa. Vyombo vya upasuaji na vya meno hupikwa kwa mvuke wa joto la nyuzi 121 chini ya mgandamizo, na paketi zake huwa na utepe unaobadilika rangi baada ya kupikwa. Hakuna ubaya kuuliza uoneshwe utepe huo. Muuguzi mzuri hakasiriki akiambiwa, "Naomba, sista, nione ikifunguliwa." Ni maneno ya adabu, na yeye mwenyewe huyasema anapomuuguza mzazi wake.

Na msidai sindano pale vidonge vinapotosha. Mwaka 2000, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, sindano zisizo salama ziliambukiza homa ya ini B watu milioni 21 duniani, nyingi zikiwa ni sindano ambazo mgonjwa hakuzihitaji. Hali imebadilika sana tangu hapo, kwa kuletwa mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja, lakini mazoea yetu ya kuona kuwa hatukutibiwa mpaka tuchomwe bado yapo. Nje ya hospitali nako pana ncha kali nyingi. Baba akipenda kupiga hijama, jambo ambalo kwa wengi wetu ni sunna na halina ubishi hapa, ahakikishe kuwa wembe ni mpya na vikombe ni vyake au ni vya kutupwa, na anayempiga amevaa glavu. Vivyo hivyo kwa kinyozi. Najua ukumbi wa kinyozi una mazungumzo matamu na si rahisi kumkatiza mtu kwa habari za wembe, lakini mkatizeni.

Swali: Nimekubaliwa kujiunga na masomo ya uuguzi. Nilitakiwa nichanjwe homa ya ini B, nikachanjwa dozi ya kwanza, na siku sita baadaye nikapimwa. Kipimo cha HBsAg kimeonesha ninayo. Je, ni chanjo iliyonipa maradhi? Na chuo kitanikataa?

Jibu: Chanjo haiwezi kukupa maradhi, kwa sababu haina virusi ndani yake. Ina protini ya gamba peke yake, ambayo hutengenezwa kwa msaada wa hamira. Lakini protini hiyo ndiyo ile ile inayotafutwa na kipimo cha HBsAg, na imewahi kuonekana katika damu ya watu waliochanjwa hadi siku ya 18. Inawezekana basi kuwa kilichoonekana ni chanjo yako yenyewe. Inawezekana pia kuwa ulikuwa na maambukizi tangu utotoni, jambo ambalo lingejulikana kama ungepimwa kwanza ndipo ukachanjwa, na huo ndio mpangilio ninaowaomba wakuu wa vyuo waufuate. Vipimo viwili vitatofautisha: HBsAg ya kurejea, pamoja na anti-HBc, ambayo chanjo haiileti kabisa.

Ikithibitika kuwa unayo, hiyo si sababu ya kukufungia mlango wa uuguzi. Utahitaji vipimo vya ini na vya wingi wa virusi, na katika kazi chache zinazohusu kuingiza mikono ndani ya mwili wa mgonjwa pamoja na ncha kali daktari atakuongoza. Wizara ya Afya Zanzibar ina kitengo shirikishi kinachoshughulikia Ukimwi, homa ya ini, kifua kikuu na ukoma. Huko ndiko pa kuanzia. Usiende kutafuta dawa za miti za "kusafisha ini" katika muda huu wa kungoja, maana baadhi yake huliumiza ini lenyewe na kuyavuruga majibu.

Kipimo cha kurejea kifanywe wiki nne baada ya dozi ya kwanza na kabla ya kuchanjwa ya pili, kwa sababu ukichanjwa ya pili kwanza utarudi kwenye mashaka yale yale.